Fundi Redio Auze Kazi, Asiuze Boksi

Katika miji ya Kasulu na Kibondo, mteja wa siku hizi huingia katika duka la fundi wa redio za magari akiwa amebeba boksi kwapani. Ndani ya boksi hilo mna redio mpya yenye skrini, iliyoagizwa Kariakoo kwa simu na kusafirishwa kwa basi. Fundi anapomtajia gharama ya kuifunga, mteja hushangaa na kusema: "Kwani kuna nini? Wewe funga tu." Katika neno hilo dogo, "tu", ndimo ulimojificha mgogoro wote unaowakabili mafundi hawa wadogo, na hapana budi neno hilo litazamwe kwa makini kabla maduka yao hayajafungwa moja baada ya jingine.

Mgogoro wenyewe ni huu. Kwa miaka mingi fundi wa redio hakuishi kwa ufundi wake. Aliishi kwa faida ya bidhaa. Aliuza redio, spika na antena kwa bei iliyokwisha kuongezwa, kisha akamfungia mnunuzi kana kwamba kufunga ni bakshishi. Mteja akaondoka akiamini kwamba kazi ya mikono haina bei. Sasa mteja huyo amepata njia ya kununua bidhaa bila ya kupita kwa fundi, na fundi amebakiwa na ile kazi ambayo yeye mwenyewe aliifundisha jamii kuiona kuwa ni ya bure. Yaliyompata si hila za wafanyabiashara wa Dar es Salaam peke yao. Mengine aliyapanda kwa mkono wake.

Si mara ya kwanza kwa mafundi wa nyanda za juu za Kigoma kukutwa na mabadiliko. Mwaka 1972 ilipoendeshwa Operesheni Kigoma, watu wengi walihamia vijijini, na mwaka uliofuata kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza mafunzo ya redio. Wakati huo redio moja ilikuwa darasa la kijiji kizima. Redio na betri kavu za National, zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, zilijulikana hata mahali ambapo jina la mtengenezaji halikujulikana. Redio hiyo ilipokufa, darasa lilikufa nayo, na aliyelifufua ni fundi aliyekipasha chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la mkaa.

Baadaye zikaja kaseti, na fundi akajifunza kusafisha vichwa vya kusomea mkanda na kubadili vimikanda vya mpira. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, masafa ya FM yakajaa sauti mpya, na kila mwenye gari akataka kuzisikia. Zikaja santuri za CD, ambazo vumbi la barabara zisizo na lami lilizimaliza upesi. Zikaja flashi, kisha Bluetooth, na sasa skrini. Kila kilichokuja kiliua kazi moja na kuzaa nyingine. Fundi aliyesalia hakuwa lazima yule mwenye duka kubwa. Alikuwa yule aliyekubali kuanza upya kujifunza.

Lakini mabadiliko ya sasa yanatofautiana na yale ya zamani kwa jambo moja: yanakuja yote kwa pamoja. Lami imesogea, na barabara ya Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu, yenye takriban kilomita 260, ilipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa uliwasili mkoani kutokea Nyakanazi, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiiangaza miji hii yakaanza kuzimwa. Simu imemwezesha mtumishi aliyeko Kibondo kuona bei ya Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka alipo, na kuilipia akiwa ameketi kibarazani kwake. Mambo yote hayo ni neema kwa mwananchi. Lakini barabara inayoleta bidhaa kwa bei nafuu ndiyo hiyo hiyo inayoondoka na faida ya mwenye duka. Fundi anayetaka kushindana na Kariakoo kwa bei ya boksi ameshindwa kabla hajaanza, kwa kuwa mwagizaji mkubwa hununua kwa makontena, naye hununua kwa vipande.

Je, kwa hiyo fundi hana tena kazi? La hasha. Kazi ipo, tena imeongezeka, ila haimo tena ndani ya boksi. Imo ndani ya gari.

Chukua mfano ulio wazi kwa kila mwenye gari lililotoka Japani. Magari mengi yanayomilikiwa na walimu na watumishi ni yaliyokwisha kutumika huko. Kwa miaka mingi redio za Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na katika miaka ya karibuni hadi 95. Vituo vya Tanzania hutangaza kati ya 88 na 108. Mwenye gari huzungusha namba kutoka mwanzo hadi mwisho na kuambulia kituo kimoja, viwili, au kimya kitupu. Redio haijaharibika hata kidogo, ila ilitengenezewa nchi nyingine.

Dawa rahisi ni kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Hufungwa kati ya antena na redio, nacho huyashusha masafa ya Tanzania ili yaingie katika namba ambazo redio ya Japani inazijua. Hapa ndipo fundi mwenye ujuzi anapotengana na mfungaji wa kubahatisha. Redio ya 76 hadi 90 ina nafasi ya megahezi 14, ilhali vituo vya Tanzania vimetawanyika katika megahezi 20. Kitu cha 20 hakiwezi kuingia chote katika kitu cha 14. Kwa hiyo kila ekspanda huacha vituo fulani nje, na zipo zinazopunguza pia nguvu ya mawimbi, jambo ambalo katika mabonde na vilima vya Buha si dogo. Fundi mwaminifu humwuliza mteja anasikiliza vituo gani, kisha humchagulia kifaa kinacholingana na vituo hivyo, au humwambia waziwazi kwamba kwake yeye ni heri kubadili redio. Yule wa kubahatisha hufunga chochote alichonacho, hupokea fedha, na lawama humwachia mnara wa redio.

Mfano wa pili ni wa kufuli. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani, zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hujifunga zenyewe betri ya gari inapoondolewa. Umeme ukirudi, skrini huandika kwa Kijapani ikidai namba ya siri ambayo mwenye gari hajawahi kupewa. Mwalimu aliyekwenda kubadili betri tu anarudi nyumbani na redio bubu. Fundi anayejua jambo hili huitazama redio kabla hajagusa betri, humwonya mteja, na akiweza huhakikisha umeme haukatiki wakati betri inabadilishwa. Onyo la dakika moja laweza kuokoa redio nzima. Hakuna boksi la Kariakoo linalouzwa na onyo hilo ndani yake.

Mfano wa tatu unahusu usalama, nao mwalimu wa fizikia anaweza kuufundisha darasani kesho asubuhi. Amplifaya inayokula wati 480 katika gari la volti 12 huvuta ampea 40. Waya wa redio ya kawaida, uliolindwa kwa fyuzi ya ampea 10 au 15, hauwezi kubeba mzigo huo. Fundi asiyejua hesabu huuona waya ukipata moto, akaona fyuzi ikikatika kila mara, naye hutibu maradhi hayo kwa kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuiunganisha kwa kipande cha waya. Tangu saa hiyo kinachosubiriwa kukatika si fyuzi tena, bali ni waya wenyewe, nao hukatika kwa kuungua. Kazi iliyo sahihi hudai waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, si karibu na amplifaya, ili waya ukichunika popote njiani moto usipate nafasi.

Vivyo hivyo, redio iliyounganishwa vibaya ikawa inavuta nusu ampea gari likiwa limezimwa, huimaliza betri ya ampea-saa 45 kwa saa 90, yaani siku nne hazitimii, na gari hushindwa kuwaka kabla hata ya saa hizo. Mtumishi aliyekwenda safari ya kikazi ya wiki moja hurudi akalikuta gari lake limekufa, akanunua betri mpya, kisha nyingine, bila ya kujua kwamba mwizi wa betri amefungwa kwenye dashibodi. Na lori la volti 24 likifungiwa redio ya volti 12 bila ya kifaa cha kupunguza umeme, redio hiyo haimalizi hata wimbo wa kwanza.

Hayo ndiyo yaliyomo ndani ya "funga tu". Lakini itakuwa si haki kumlaumu mteja peke yake, kwani wako mafundi waliomfundisha kutoamini. Wapo wanaoondoa spika nzuri za gari na kurudisha dhaifu. Wapo wanaokata soketi ya kiwanda kwa koleo badala ya kutumia soketi ya kuunganishia, wakasokota nyaya kwa vidole na kuzifunika kwa tepe, hata fundi wa pili akija asijue waya upi ulikuwa wa nini. Wapo wanaotaja bei kwa kuangalia viatu vya mteja. Wapo ambao gari likirudi na kasoro hudai fedha upya kwa kosa lao wenyewe. Fundi wa namna hiyo hauawi na soko. Anajiua mwenyewe, na ubaya wake ni kwamba anakufa na jina la wenzake.

Basi fundi huru afanye nini ili asimame? La kwanza ni kuiandika bei ya kazi yake na kuibandika ukutani: kufunga redio, kufunga amplifaya, kufunga kamera ya nyuma, kutafuta hitilafu. Bei hiyo iwe moja kwa mwenye kununua dukani kwake na kwa mwenye kuja na boksi kutoka mbali. Akifanya hivyo hatakuwa na sababu ya kumnunia mteja aliyenunua kwingine. Boksi la Kariakoo halitakuwa tena adui aliyemnyang'anya riziki. Litakuwa kazi iliyojileta mlangoni.

La pili ni stakabadhi na dhamana. Fundi aandike alichokifunga, tarehe, na muda ambao atairudia kazi yake bila malipo ikiharibika kwa kosa lake. Hiki ndicho kitu pekee ambacho muuzaji aliyeko mbali hawezi kukitoa. Muuzaji wa mbali akipigiwa simu hujibu kwamba bidhaa ilikuwa nzima ilipoondoka. Fundi wa Kasulu hawezi kujibu hivyo, kwa sababu kesho atakutana na mteja wake sokoni, msibani, kanisani au msikitini. Ukaribu huo, ambao aghalabu huonekana kuwa mzigo, ndio mtaji wake mkubwa kuliko yote.

La tatu ni kupima kabla ya kufungua na kupima tena kabla ya kukabidhi. Mita ya kupimia umeme si pambo la mezani. Gari lisiondoke kabla fundi hajapima linavuta kiasi gani likiwa limezimwa, na mteja aonyeshwe namba hiyo kwa macho yake. Namba iliyoonekana hujenga imani kuliko maneno mia moja ya kujisifu.

La nne ni kupanua kazi bila ya kuacha fani. Anayejua volti 12 za gari anajua tayari nusu ya umeme wa jua unaotumika katika nyumba ambazo nguzo za umeme hazijazifikia. Anayejua amplifaya na spika anaweza kutengeneza vipaza sauti vya shule, vya makanisa na vya misikiti. Kamera za nyuma, ving'ora vya kuzuia wizi, taa, na redio ndogo za bajaji na pikipiki, zote hizo ni kazi za mikono ile ile. Aidha, kadiri magari yanavyokuwa mapya, redio zake huunganishwa na vitufe vya usukani na hata na kiyoyozi, kiasi kwamba kuing'oa redio kwa pupa ni kulivuruga gari. Kadiri gari linavyozidi kuwa gumu, ndivyo "tu" inavyozidi kuwa uongo.

Mambo haya hayakuanzia Tanzania. Redio ya gari iliyompa jina Motorola, iliyotoka Chicago mwaka 1930, haikuwa rahisi kufunga hata kidogo, na tangu siku hizo za mwanzo ugumu ulikuwa katika kufunga kuliko katika kuuza. Mwaka 1974 kijana mmoja wa Virginia, Marekani, Bill Crutchfield, alianza kuuza redio za magari kwa posta, na mauzo yakawa duni. Alipowauliza wateja kwa barua, alifahamu kwamba wengi hawakuogopa bei, bali waliogopa kazi ya kufunga. Akaanza kuwaandikia maelezo ya namna ya kufunga, na biashara yake ikasimama mpaka leo. Tazama jinsi mfano huu unavyogeuka: hata muuzaji wa mbali hakufanikiwa mpaka alipoongeza ujuzi juu ya boksi. Sembuse fundi aliye karibu, ambaye ujuzi huo anao mikononi, na si karatasini?

Wapo watakaosema kwamba asiyeweza kushindana afe, kwa kuwa soko ndilo hakimu. Wapo pia watakaosema kinyume, kwamba mafundi hawa wakingwe kwa kuwazuia watu kuagiza bidhaa kutoka mbali. Kauli zote mbili zinakosea. Ya kwanza inasahau kwamba mji usio na fundi hulipia nauli ya kwenda kumtafuta fundi mji mwingine, tena gari likiwa limekwisha kuharibika. Ya pili inataka kumtoza mwalimu gharama zaidi ili kumlinda fundi asijifunze. Ulinzi ulio wa haki ni elimu na utambuzi. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya ufundi stadi. Upo pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpa cheti fundi aliyejifunza kazini bila kupita chuoni. Mafundi wengi wa redio ni watu wa namna hiyo hiyo. Halmashauri za Kasulu na Kibondo, ambazo kama nyingine zote zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zingefanya vema kuwahimiza vijana wa fani hii waungane, kwani seti moja nzuri ya vipimo na soketi, iliyo ghali kwa mmoja, ni nafuu kwa watano.

Linabaki jukumu la mteja, naye mara nyingi ni mtumishi wa umma au mwalimu. Gari la serikali lina TEMESA, yenye karakana zake mikoani. Gari la mwalimu, aghalabu lililopatikana kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi, halina mwingine ila fundi wa mtaani. Mwalimu anajua, kuliko watu wengine wote, maana ya kazi isiyoonekana. Anajua uchungu wa kuambiwa kwamba kufundisha ni kuongea tu mbele ya watoto. Mtumishi wa ofisini naye anajua jinsi wananchi wanavyodhani kwamba kazi yake ni kugonga mihuri tu. Anayejua uchungu wa "tu" hapaswi kumpa mwenzake. Na anunue boksi popote atakapolipata kwa bei nafuu, hiyo ni haki yake. Lakini akifika kwa fundi aulize bei ya kazi, adai stakabadhi, adai dhamana, kisha alipe bila manung'uniko.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi njema ya fundi itajiuza, lakini kwa sharti kwamba kwanza ipewe jina lake na bei yake. Siku ambayo ukutani mwa kila duka la redio za magari, Kasulu na Kibondo, patasomeka bei ya kazi kwa maandishi yanayoonekana, na mteja akaisoma bila kuguna, hofu ya boksi la Kariakoo itakuwa imekwisha. Wa kuanza ni fundi mwenyewe, leo, kwa kipande cha karatasi na kalamu.